Bi Pembeni na Marehemu

Kiti chake kilikuwa kati ya ukuta na pazia, upande wa kushoto wa jukwaa, mahali ambapo mtu mnene asingeweza kupenya. Mgongo aliuegemeza kwenye ukuta wenye unyevu, magoti yakagusa mbao za jukwaa, na mapajani alilaza karatasi za mchezo pamoja na tochi ndogo aliyoifunika kwa kitambaa ili mwanga usivuke pazia. Kutoka hapo aliwaona waigizaji kwa ubavu tu: sikio, shavu, mkono mmoja. Watazamaji hakuwaona kabisa. Aliwasikia. Alijua nani anakohoa kwa mafua na nani anakohoa kwa sababu mchezo umemchosha. Watu wa mtaa walimwita Bi Pembeni, na jina hilo lilimkaa hivi kwamba hata kule alikopiga pasi, kwenye duka la dobi, mteja mwenye haraka aliingia akiuliza, "Bi Pembeni yupo?"

Kazi yake ilikuwa kuwakumbusha waigizaji maneno. Mtu akisahau, yeye humnong'oneza.

Ukumbi wenyewe uliwahi kuwa ghala la magodoro. Ukiukwaruza ukuta kwa kucha, ulipata bado vipande vya sponji ya manjano vilivyojibana kwenye nyufa. Mabenchi hayakuwa na pa kuegemea. Aliyekaa mbele akinyoosha miguu, mwigizaji ilibidi amruke. Mjini kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye viti vya kitambaa, na watu wa mtaa walikwenda huko mara moja moja, wakarudi wakisifu vyoo. Lakini hapa walikuja kila mchezo, kwa sababu hapa ulimwona nesi wa zahanati, yule aliyekuchoma sindano asubuhi, akimlilia mume wa kuigiza, machozi yanamtoka kweli, na pua pia. Kesho yake ukiwa kwenye foleni ya dawa ulikuwa na la kumuuliza. Mate ya mwigizaji yaliweza kukufikia. Ukicheka, alijua ni wewe uliyecheka.

Bi Pembeni hakuzaliwa na mnong'ono. Katika ujana wake alikuwa mwigizaji, na sauti yake ilisikika hadi kwa wauza karanga waliokaa nje. Kisha ukaja uvimbe kooni. Walimpasua, akapona, na sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa pumzi iliyokatwakatwa ikawa maneno. Sokoni alilazimika kumgusa muuzaji mkono ndipo ahudumiwe. Kwenye vikao vya familia aliinua kidole, na hadi watu wanyamaze, jambo lenyewe lilikuwa limeshapitishwa. Mumewe, ambaye miaka yote alilalamika kwamba mke wake anaongea sana, aligundua kuwa hawezi kuishi na mtu asiyeongea, akaondoka.

Aliyemwokoa ni kaka yake. Alifika wodini akiwa na vumbi la nafaka kichwani, maana mchana alikuwa mpimaji wa magunia kwenye ghala la mahindi, akamwekea karatasi za mchezo juu ya shuka.

"Mdogo wangu," alisema, "watu wa kupiga kelele tunao wengi. Wa kunong'ona hatuna hata mmoja. Pona haraka."

Hakusema kwa huruma. Alisema kama mtu anayetafuta fundi. Ndiyo maana Bi Pembeni hakulia hadi alipoondoka.

Akajifunza kazi hiyo. Kunong'oneza jukwaani si kupunguza sauti tu. Anayepunguza sauti tu husikika hadi mlangoni, kwa sababu s na sh hutatarika gizani kama maji kwenye kikaango. Yeye alizilainisha hizo hadi zikawa hewa. Hakutoa sentensi nzima. Alitoa maneno mawili ya mwanzo, kama unavyomshika mlevi kiwiko ukampitisha kwenye kizingiti, kisha ukamwachia. Na zaidi ya yote alijua kungoja. Kuna kimya cha mchezo na kuna kimya cha kusahau, na kwa mtazamaji vyote ni kimya. Ukimpa neno mtu aliyenyamaza makusudi, umemharibia. Basi alijiwekea desturi: avute pumzi moja, aitoe, ndipo aseme. Aliyenong'onezwa vizuri hakujua kwamba amenong'onezwa. Neno lilimjia kama lake.

Kaka yake ndiye aliyekuwa nguzo ya ukumbi ule. Mtaa mzima ulimwita Marehemu. Jina lilitokana na mchezo uliorudiwa kila mwaka kwa sababu watu hawakukubali mwaka upite bila huo: mtu aliyedhaniwa amekufa safarini anarejea nyumbani siku ya mwisho ya matanga yake, anakuta watu wanakula na kumsifu, na hakuna anayekubali kwamba ni yeye. Ndugu wanamkalisha kwenye kigoda na kumhoji. Kama wewe ndiye, sema hiki. Kama wewe ndiye, taja kile. Swali la mwisho na kubwa lilikuwa hili: siku ya harusi bibi harusi alilia, je, alilia nini?

Kwenye karatasi jibu lilikuwa, "Viatu vilimbana." Lakini Marehemu hakupenda kurudia, na kila mwaka alibuni lake. Mwaka mmoja bibi harusi alilia kwa sababu mama mkwe alikalia keki. Mwaka mwingine dereva wa gari la harusi alikuwa mchumba wake wa zamani. Kuna mwaka alinyamaza, akajitazama tumbo, akasema, "Ilikuwa mchana. Ndiyo mara ya kwanza aliniona vizuri." Watu walishikana mabega kwa kicheko. Fundi viatu, ambaye benchi la mbele lilikuwa kama lake, alicheka hadi akatoka nje kutapika. Baadaye mtaani walibishana: jibu la mwaka upi lilikuwa kiboko? Kila mtu alikuwa na lake na alilishikilia.

"Marehemu, hujambo?" walimsalimu njiani.

"Mimi sijambo. Nyinyi mliobaki duniani mnaendeleaje?"

Alianza kupotea kidogo kidogo. Kwanza ghalani: alisoma mzani, akageuka kumwambia karani, na namba ikawa imemtoka. Karani akadhani ni uzee. Kisha alikwenda kuchota maji na kurudi na ndoo tupu, akakasirika alipoulizwa. Kisha ikawa asubuhi anasimama katikati ya chumba na shati mkononi, anaitazama nguo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiyemjua. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ubongo unasinyaa, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha, ila za kumtuliza.

Mkewe aliuza mboga sokoni na alikuwa na sauti ya kuvuka barabara. Siku hizo ndipo kwa mara ya kwanza Bi Pembeni alipomsikia akiongea chini.

"Jana kaniuliza mimi ni mpangaji wa nani," alisema, wakiwa wameketi jikoni. "Nyumba nimeijenga naye, tofali kwa tofali. Leo mimi mpangaji."

"Ukamwambiaje, wifi?"

"Nikamwambia kodi nimeshalipa."

Wakacheka, kisha wakawa hawana pa kukipeleka kile kicheko.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba jukwaani Marehemu alibaki mzima. Hakuleta tena majibu mapya, na watu walisema mwaka huo katulia. Lakini alisimama pale pa kusimama, akageuka pale pa kugeuka, na neno likikosekana, mnong'ono wa dada yake ulimfikia naye akaenda nao bila kujikwaa. Bi Pembeni alimtazama shavu na sikio lake, akaona mtu mkamilifu. Taa zikizimwa, mtu huyo alimezwa. Nyuma ya pazia alisimama yule mwingine, akiuliza kwa adabu wapi pa kutokea.

Siku moja Bi Pembeni alimkuta mlangoni kwake amevaa kiatu kimoja, amekwama. Bila kufikiri alipita nyuma yake, akavuta pumzi, akaitoa, akasema, "Chini ya kitanda." Kaka yake hakugeuka. Aliingia ndani, akainama, akarudi na kiatu cha pili.

"Nimekikumbuka," alisema, na uso wake ulikuwa umewaka.

Wifi aliyaona hayo yote akiwa dirishani. Alibaki ameshika mdomo.

Tangu hapo Bi Pembeni alipitia pale kila asubuhi kabla ya kwenda kwa dobi. Alikaa nyuma ya kaka yake na kumnong'oneza nyumba yake: kijiko, kitasa, jina la mtoto aliyepiga simu kutoka mbali. Naye aliyapokea yote kama yake. Mwanzoni wifi aliudhika.

"Hapa ni kwangu, si jukwaani," alisema. "Mume wangu anaongea nami, kumbe naongea na wewe."

"Basi niache?"

Wifi alichambua mboga yake muda mrefu, majani mabovu huku, mazima kule.

"Usiache," alisema mwishowe. "Kesho mtilie lile jina alilokuwa akiniita wakati wa uchumba. Unalijua wewe. Mlikuwa mnanicheka nalo."

Asubuhi iliyofuata Bi Pembeni alilisema. Marehemu aliinua macho kutoka kwenye kikombe, akamwita mkewe kwa jina lile, akatabasamu. Wifi akatoka nje kwenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Ulipokaribia wakati wa mchezo wa Marehemu, Mwalimu aliwaita. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeuendesha ukumbi, aliyeandika karatasi za michezo, aliyekata tikiti na kufagia. Walikaa kwenye mabenchi matupu: Mwalimu, Bi Pembeni, wifi, na Nesi, ambaye ndiye aliyeigiza mke wa marehemu miaka yote.

"Mtaa mzima unauliza," Mwalimu alisema. "Mimi sijui niseme nini. Tumweke mwingine?"

"Mwingine nani?" Bi Pembeni aliuliza. "Nani mwingine ni Marehemu?"

"Mimi wagonjwa wa namna hii nawaona, dada," Nesi alisema. "Leo anakusikia wewe. Kesho utamwambia kitu, ataona ni mlango umelia. Tena mbele ya watu. Akipotea pale hamtamrudisha."

"Pale hapotei. Pale ndipo anajijua yeye ni nani."

"Anajua Marehemu ni nani," Nesi alisema. "Kaka yako mwenyewe simwoni siku nyingi."

Maneno hayo yalimwingia Bi Pembeni kama mwiba, na aliyakataa kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alijua bila ukumbi ule kaka yake atabaki mtu wa kuvalishwa na kulishwa. Na hilo lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine hakumwambia mtu: katika dunia nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo sauti yake ilifika ilikotumwa, napo ni ndani ya kichwa cha kaka yake. Kaka akishuka jukwaani, na yeye atakuwa bubu kabisa.

"Nipeni mara hii moja," alisema. "Kama mwaka jana nilimvusha, nitamvusha."

Wote wakamtazama wifi. Wifi alikuwa anatazama jukwaa, mbao tupu na kigoda kimoja.

"Mara hii tu," alisema. "Lakini akianguka, wifi, utamwokota wewe. Mimi mgongo umekwisha."

Ilikuwa Jumapili alasiri. Jua lilikuwa bado kali nje, na joto la bati lilishuka juu ya vichwa. Watu walijaa hadi wengine wakakaa chini, migongo kwenye magoti ya wenzao. Bi Pembeni aliwasikia wakiingia na akahisi kitu cha tofauti. Walikuwa wanaongea taratibu. Hakuna aliyepiga mluzi. Habari za ugonjwa zilikuwa zimeshazunguka. Mtaa ule haukujua kuficha. Walikuja kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa wao, wameoga, wamevaa vizuri, na kila mmoja ameazimia kimoyomoyo kwamba leo Marehemu hataaibika.

Aliingia. Suti ya safari, kofia, sanduku lililofungwa kwa kamba. Akasimama mlangoni mwa nyumba ya kuigiza na kuwatazama waombolezaji wakila, akasema, "Hodi wenye kufiwa. Marehemu alikuwa anapenda nyama, mmemwekea?" Kicheko kilichopasuka kilikuwa na machozi ndani yake. Bi Pembeni alimnong'oneza mara chache sana. Nusu ya kwanza ilipita kama maji. Hata Nesi, alipopita karibu na pazia, alimtazama kwa jicho lililokiri kwamba alikosea.

Ikafika sehemu ya kigoda. Ndugu wakamhoji, akajibu. Jina la mama, akajibu. Kovu la goti, akavuta suruali akalionyesha. Ndipo Nesi, mke mwenyewe, akasimama mbele yake na shela ya matanga kichwani na kuuliza lile swali ambalo ukumbi mzima ulikuwa unalingoja.

"Kama wewe ni mume wangu, siku ya harusi yetu nililia. Nililia nini?"

Marehemu alimtazama. Bi Pembeni aliliona sikio, shavu, kidole kikisugua kifungo cha koti. Akajua ni kimya cha kusahau. Lakini mazoea ya miaka ni mazoea. Alivuta pumzi, akaanza kuitoa.

Katika pumzi ile fundi viatu alishindwa kuvumilia. Aliinama mbele kutoka kwenye benchi lake na kunong'ona, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, "Viatu. Viatu vilimbana."

"Siyo viatu," mwanamke aliyekaa nyuma yake alinong'ona. "Alikuona mchana. Sema ilikuwa mchana."

"Dereva," mwingine akasema. "Dereva wa gari."

"Keki, Marehemu. Mama mkwe na keki."

Hakuna aliyekusudia baya. Kila mmoja alikuwa na jibu la mwaka wake, amelitunza, amelisimulia nyumbani, na sasa alimrudishia mwenyewe wakati ana shida nalo. Minong'ono iliinuka kutoka benchi hadi benchi, s na sh za watu wasiojua kunong'ona, hadi ukumbi wote ukawa unatatarika. Bi Pembeni alisema, "Viatu vilimbana." Akasema tena. Neno lake lilipotea humo kama tone. Akasema, "Nyamazeni," na hata Nesi aliyekuwa hatua chache kutoka kwake hakusikia. Aligonga ukuta kwa ngumi. Ukuta uliolowa haukulia.

Marehemu aligeuka kwenye giza la watazamaji. Alikuwa anatafuta sauti zinatoka wapi.

"Mnataka nini kwangu?" aliuliza.

Watu wakacheka. Walidhani ndilo jibu la mwaka huu linaanza. Kwa kuwa walidhani amerudi, walicheka kwa furaha kubwa.

"Huyu mwanamke simjui," alisema, akimwonyesha Nesi. "Nimekuja tu. Nimeambiwa nikae hapa. Nataka kwenda nyumbani."

Makofi yakalipuka. Mtu akapaza sauti kwamba huyo ndiye Marehemu wao. Alijiziba masikio kwa viganja na kujikunja juu ya kigoda, na suruali ya suti ya kijivu ikaanza kubadilika rangi, kwenye paja kwanza, kisha hadi goti, hadi matone yakasikika kwenye mbao. Waliokaa mbele ndio walioona kwanza. Kicheko kilikufa benchi moja baada ya jingine, hadi nyuma kabisa, ambako mtu mmoja aliendelea kupiga makofi peke yake kwa muda kidogo.

Nesi alivua shela akamfunika nayo miguu. Bi Pembeni alitupa karatasi, akapenya kwenye pazia, akatoka kwenye mwanga. Tangu apasuliwe koo hakuwa amesimama mbele ya taa zile. Alipiga magoti na kuweka mdomo karibu na kiganja kilichoziba sikio.

"Kaka," alinong'ona. "Ni mimi. Ni mdogo wako."

Marehemu aliruka kama aliyeguswa na moto. Alimtazama, na usoni mwake mlikuwa na utambuzi, lakini si ule ambao dada yake aliuomba.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wewe ndiye unawaongoza."

Akamsukuma kwa mikono yote miwili. Bi Pembeni alianguka kutoka jukwaani hadi kwenye magoti ya fundi viatu, ambaye alimshika asigonge sakafu. Ni sauti ya wifi iliyokata kila kitu, ile ya sokoni, ya kuvuka barabara, ikitokea benchi la nyuma. "Tokeni wote. Nendeni makwenu. Na wewe mume wangu, simama, tunaondoka." Marehemu akasimama. Aliifuata sauti ile kama mtoto, amejifunga shela kiunoni, na watu wakawapisha wakitazama sakafu.

Haikupita siku watu wakaanza kubisha hodi nyumbani. Fundi viatu alileta viatu vya Marehemu alivyovitia soli mpya bila kuombwa. Wifi alivipokea kupitia dirisha. Walikuja wengine, wakasimama uwanjani, na kwa kuwa hawakutaka kumsumbua mgonjwa waliongea chini, na kila walipoongea chini ndani kulisikika kitu kikivunjwa. Wifi akatoka kuwaambia kwamba anayetaka kumsalimu mume wake apige kelele, la sivyo asije.

Hivyo ndivyo alivyokuwa sasa. Sauti kubwa hazikumsumbua. Wifi alimpigia kelele toka asubuhi hadi jioni, kula, vaa, huku, siyo huko, naye akatii na pengine akatabasamu. Lakini mnong'ono wowote, hata wa pazia kwenye upepo, ulimfanya ajiminye kwenye kona na viganja masikioni. Bi Pembeni alijaribu. Alipita nyuma yake kama zamani, akavuta pumzi, akasema, "Kikombe." Kikombe chenyewe kiligonga ukuta karibu na kichwa chake.

"Wifi," mke wa kaka yake alimwambia siku ile, wakifuta chai. Alikuwa anajitahidi kuongea kawaida, asiinue wala asishushe. "Njoo kila ukitaka. Hapa ni kwenu. Ila ukiingia usiseme kitu."

"Hata kumsalimu?"

"Hata kumsalimu. Nisamehe."

Mwalimu aliuondoa mchezo wa Marehemu, na hakuna aliyeuliza. Michezo mingine iliendelea, na Bi Pembeni alirudi kwenye kiti chake kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda jioni. Waigizaji walinung'unika kwamba anachelewa. Neno lilikuwa halimtoki hadi asikilize kwanza kama kuna mwingine atakayelisema. Mchana alipiga pasi. Na Jumapili alikwenda kwa kaka yake kumnyoa ndevu, kwa sababu wifi mikono ilikuwa inamtetemeka na wembe, na kinyozi wa mtaani alikuwa na tabia ya kuongea na wateja wake masikioni.

Alimkalisha uwanjani kwenye mwanga, taulo shingoni, akampaka povu. Macho ya Marehemu yalifuata wembe kwa heshima. Uso wake ulikuwa umekonda, lakini ngozi ilikuwa bado ile, na Bi Pembeni aliijua upande mmoja kuliko mwingine. Huo wa kulia aliuanza kwa kusitasita kila mara.

"Wewe huongei?" kaka yake alimuuliza.

Bi Pembeni alitikisa kichwa.

"Bubu?"

Akakubali kwa kichwa.

"Pole sana," Marehemu alisema kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowapazia sauti wasiosema kana kwamba pia hawasikii. Akangoja wembe upite kwenye koromeo, kisha akatazama mlangoni kuhakikisha mkewe hayupo karibu. "Afadhali yako. Mimi wananisumbua. Wako wengi, lakini wengi si kitu. Kuna mmoja, mwanamke. Huyo ndiye mbaya kuliko wote."

Bi Pembeni aliusuuza wembe ndani ya bakuli.

"Anajua kila kitu changu," kaka yake alisema. "Hata nilipoweka viatu. Nilikuwa nikidhani ni mimi ninayefikiri, kumbe ni yeye." Alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, kama mtu anayemwomba jirani amtunzie mlango. "Wewe una masikio mazuri, naona. Ukimsikia anakuja, nigonge hapa begani."

Bi Pembeni alimtazama, mkono wake ukiwa bado mkononi mwa kaka yake. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na Marehemu, akiwa ameridhika, akamwachia, akainua kidevu, akafumba macho ili amaliziwe.